Sanaa katika Elimu ya Shule: Babati

Sanaa katika elimu ya shule ni ufundishaji wa muziki, ngoma, maigizo, ushairi, uchoraji, ufinyanzi na kazi nyingine za mikono ndani ya ratiba ya shule, ama kama somo lenye kipindi chake, ama kama njia ya kufundishia masomo mengine. Makala hii inalieleza jambo hilo katika mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, Tanzania. Mtaala wa taifa ulioanza kutekelezwa Januari 2024 unaitaja sanaa kwa jina katika masomo ya shule ya msingi. Kwa Babati hatua hiyo ina uzito wa pekee: mji huu umezungukwa na jamii ambazo sanaa zao hazifanani, na sehemu kubwa ya utajiri huo bado iko nje ya mlango wa darasa.

Mji na watu wake

Babati iko kando ya Ziwa Babati, chini ya Mlima Kwaraa, takribani kilomita 170 kusini mwa Arusha katika barabara iendayo Dodoma. Imekuwa makao makuu ya mkoa tangu Manyara ilipomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Wenyeji wa eneo hilo ni Wagorowa, ambao lugha yao ni ya Kikushi kama ya jirani zao Wairaqw. Wapo pia Wadatooga, wafugaji wenye lugha ya Kiniloti, pamoja na Warangi na Wambugwe, ambao ni Wabantu. Katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadza husema lugha isiyojulikana kuwa na ndugu. Maeneo ya Afrika yenye mchanganyiko wa namna hii ni machache.

Kila jamii ina sanaa inayoipa heshima. Wairaqw wana slufay, dua ya kishairi ambayo mzee huitoa na hadhira huiitikia kwa pamoja. Wadatooga husifika kwa mavazi ya ngozi yaliyorembwa kwa shanga na kwa bangili za shaba, na uchezaji wao hujengwa kwa sauti na kuruka. Kusini mwa mji, katika barabara ya kwenda Kondoa, iko Kolo, penye michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Lugha na masimulizi ya Wagorowa yamerekodiwa na mwanaisimu Andrew Harvey na kuwekwa katika hifadhi ya lugha zilizo hatarini kutoweka, iliyoanzishwa London.

Historia

Katika hotuba yake ya Desemba 10, 1962, Julius Nyerere alilalamikia elimu ya kikoloni iliyowafanya Waafrika waone hawana utamaduni wao, akaunda wizara ya kuusimamia utamaduni wa taifa. Baada ya Azimio la Arusha na siasa ya Elimu ya Kujitegemea, yote ya mwaka 1967, kwaya, ngoma na ngonjera zilienea shuleni. Ngonjera, majibizano ya kishairi ambayo mwishowe wahusika hukubaliana, zilipata umbo lake la kisasa kwa Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma. Tangu hapo hazikosekani katika mahafali na ziara za viongozi, sawa na halaiki zinazochezwa na watoto na vijana. Babati iliziona halaiki hizo Oktoba 14, 2023, ilipokuwa mwenyeji wa kilele cha Mbio za Mwenge wa Uhuru.

Mafunzo ya juu ya sanaa yalikua katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981 na kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) mwaka 2007. Katika shule za msingi, hata hivyo, sanaa ilihamahama. Chini ya mtaala wa 2005, kwa mfano, ilitafutiwa mahali ndani ya somo la Stadi za Kazi.

Mtaala wa sasa

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, na mtaala ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania vimeweka somo la Sanaa na Michezo kuanzia Darasa la Tatu. Darasa la Kwanza na la Pili hujifunza utamaduni, sanaa na michezo pamoja na kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika sekondari, Baraza la Mitihani la Taifa hutahini muziki, sanaa za ufundi na sanaa za maonyesho, lakini shule zinazofundisha masomo hayo ni chache.

Sanaa kama njia ya kufundishia

Mfano wa Kitanzania uliofika mbali zaidi ni Tuseme, mradi ulioanzishwa mwaka 1996 na wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba. Wasichana wa sekondari huyataja matatizo yanayowakwaza katika masomo, huyachunguza, huyatungia igizo, huliigiza mbele ya wenzao na walimu, kisha hujadiliana juu ya hatua za kuchukua. FAWE, jukwaa la wanawake wanaoshughulikia elimu Afrika, lililichukua wazo hilo na kulipeleka katika nchi nyingine.

Manyara inaihitaji njia hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 58 ya wanawake wa mkoa huu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini. Msichana ambaye hathubutu kulisema jambo hilo mbele ya wazazi anaweza kulisema kwa kinywa cha mhusika wa igizo, na waliomtazama wakalazimika kulijadili.

Masomo mengine nayo hunufaika. Urembo wa shanga hufundisha ulinganifu na ruwaza katika hisabati. Chungu cha udongo huwapa wanafunzi jambo la kupima na kuuliza: kinabeba maji kiasi gani, na kwa nini hupasuka kikichomwa kabla ya kukauka? Kuchora Ziwa Babati na miteremko inayolizunguka ni somo la jiografia na mazingira, hasa katika mkoa ulioshuhudia maporomoko ya tope ya Katesh, Desemba 2023.

Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni mwalimu. Wengi walisoma na kufuzu bila kufundishwa kuchora, kusoma noti za muziki wala kuongoza igizo, nao hukabidhiwa somo jipya wakiwa na kitabu tu. Mkoa una Chuo cha Ualimu Mamire, wilayani Babati, ambacho kinafaa kuwa kitovu cha mafunzo hayo. Kikwazo cha pili ni mtihani: muhula unapoelekea mwisho, kipindi cha sanaa ndicho cha kwanza kuazimwa na hisabati au Kiingereza.

Cha tatu ni mazoea ya kuiona sanaa kuwa ngoma na kwaya za kupokelea wageni na za UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Mashindano huwapa watoto ari, lakini uchezaji ukipimwa kwa mlio wa ngoma tu, mtoto wa Kidatooga mwenye sauti nzuri na mruko hodari huonekana hana cha kuonyesha.

Dawa iko karibu na haina gharama kubwa. Mfinyanzi, mshona shanga na msimuliaji wa hadithi wanaweza kualikwa darasani kwa heshima na kwa malipo, huku mwalimu akiongoza mjadala na kuandika. Yaliyo ya ibada, kama slufay, yaingie kwa idhini ya wazee na kwa kinywa chao. Kiswahili kitabaki lugha inayowaunganisha wanafunzi wote, na kila mtoto atakuwa na zamu ya kuwafundisha wenzake wimbo wa nyumbani kwao. Shule ikifanya hivyo, somo la Sanaa na Michezo litakuwa mahali ambapo watoto wa Babati wanajifunza kuheshimiana, na hilo ni lengo la elimu lenye uzito sawa na kufaulu mtihani.