Kizimba Kilichogeuka Tofali

Uwanja wa mpira kwa kipimo kinachopendekezwa na FIFA una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani mita za mraba 7,140. Mwaka 2012 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walitangaza unga uitwao NU-110. Kuta za vitundu vilivyomo katika gramu moja tu ya unga huo, zikikunjuliwa zote, zinafika eneo hilohilo.

Habari ya unga kama huo inaanzia Melbourne, 1974. Mwanakemia Richard Robson aliipeleka karakanani mipira ya mbao ya kufundishia molekuli ili itobolewe. Ilipomrudia mikononi, akagundua kwamba matundu yenyewe, kwa jinsi yalivyokaa, ndiyo yanayoamua umbo la jengo. Zaidi ya miaka kumi ikapita kabla hajalijaribu wazo hilo kwa atomu za kweli. Mwaka 1989 akachapisha kiunzi cha shaba kilichopangika kama almasi. Wakafuata Susumu Kitagawa na Omar Yaghi, na mwaka 2025 watatu hao wakagawana Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Baada ya viunzi hivyo, mwaka 2001 kikaja kizimba cha shaba, molekuli moja iliyojitenga, kutoka makundi mawili kwa mpigo: la Yaghi na la Michael Zaworotko. Atomu 24 za shaba na molekuli 24 za asidi ya isofthali, jamaa wa asidi inayotengenezea plastiki za chupa, zilijifunga zenyewe kuwa mpira wenye uwazi ndani na nyuso 14. Mzuri mno, ila mpweke.

Mwaka 2008 kundi la Mohamed Eddaoudi liliunga vizimba hivyo, kila kimoja kwa mikono 24, na NU-110 imetoka katika ukoo huo. Lakini tusidanganyane: humo hakuna aliyefyatua tofali, yaani kizimba, kwanza. Vizimba na nyumba nzima viliiva katika chungu kimoja.

Kufyatua kwanza, kujenga baadaye, ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa kizimba cha shaba hakikawii kufumuka ndani ya kimiminika. Mwaka 2009 kundi la Hong-Cai Zhou lilionyesha kwamba kizimba kilichokwisha kuundwa kinaweza kugeuzwa kiunzi. Huko Kyoto, kundi la Shuhei Furukawa likaiacha shaba, likaunda vizimba kwa rodiamu, metali adimu lakini yenye mshiko. Mwaka 2018 waliviunga vizimba hivyo kwa molekuli ndefu zenye ncha mbili za kushikia. Hawakupata fuwele zilizonyooka. Walipata jeli, laini, isiyo na mpangilio, na ndani yake kila kizimba bado kina uwazi wake.