Skeitibodi: Anza na Gurudumu

Kabla mtoto wa Usa River, mkoani Arusha, hajaiona skeitibodi, anakuwa ameshaijua beringi. Anaipata gereji, beringi iliyokwisha kazi kwenye pikipiki au gari. Anaigongea kwenye kijiti, juu anapigilia ubao, mbele anafunga kamba ya kuongozea, wenzake wanamsukuma. Chuma kikikwaruza lami, mtaa mzima unasikia.

Watoto wa California nao walianzia hapohapo. Walivunja viatu vya magurudumu, wakapigilia vile vigurudumu chini ya ubao, na mbele wakasimamisha kreti la matunda la kushikia. Ilipofika miaka ya 1950, vijana wa kuteleza na mawimbi wakawa na tatizo lao: bahari ikilala, hawana mchezo. Wakaliondoa kreti, wakasimama juu ya ubao mtupu, wakateleza barabarani. Mchezo huu ulizaliwa mikononi mwa watoto, viwanda vikafuata baadaye.

Nasema hivi kwa sababu mzazi anayemnunulia mwanawe skeitibodi, iwe Arusha mjini au kwenye rundo la mitumba, hutazama kwanza picha iliyochorwa chini ya ubao. Picha haimsaidii mtoto kitu. Kila kipande cha chombo hiki kiliwekwa baada ya watu kuumia au kukwama, na anayeijua historia hiyo ni vigumu kumdanganya.

Magurudumu ya kwanza yalikuwa ya chuma. Yalitetemesha mwili hadi meno, na kwenye kona yaliteleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 yakaja yale yaliyoitwa ya udongo. Hayo yalikuwa matulivu zaidi, lakini hayakushika barabara, na kokoto moja ilitosha kuyakwamisha huku mpandaji akiruka mbele peke yake. Majeruhi wakaongezeka. Kufikia 1965 miji mingi ya Marekani ilikuwa imeupiga marufuku mchezo, na biashara iliyokuwa ikichemka ikaanguka. Hata Norway, nchi tajiri yenye barabara laini, ilizuia skeitibodi kabisa kuanzia 1978 hadi 1989 kwa kuhofia majeraha.

Aliyeuokoa mchezo ni kijana aitwaye Frank Nasworthy. Mwaka 1970, huko Virginia, aliona kiwandani magurudumu ya poliyurethani yaliyotengenezwa kwa ajili ya viatu vya kutelezea ukumbini. Akayafunga kwenye ubao wake, na kokoto zikapitika, kona zikashikika. Akahamia California, na miaka michache baadaye akawa anayauza kwa jina la Cadillac Wheels. Tangu hapo mpandaji aliweza kuiamini barabara iliyo chini yake. Katikati ya miaka hiyohiyo ya 1970, beringi zilizofungwa vizuri zilichukua nafasi ya gololi zilizokuwa zikimwagika njiani. Ukame wa California wa 1976 na 1977 ukaacha mabwawa mengi ya kuogelea bila maji, vijana wakaingia humo na kuanza kupanda kuta.

Kwa hiyo, ukichagua, anza na gurudumu. Ugumu wake huandikwa kwa namba na herufi A. Ya 78A hadi 87A ni laini na humeza kokoto. Ya 99A hadi 101A ni magumu, yanafaa sakafu laini na michezo ya kuruka. Barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi ina lami, lakini ina malori, mabasi, daladala na bodaboda. Hapo si mahali pa mtoto mwenye ubao. Ukiiacha barabara hiyo unakutana na vumbi la volkano la Mlima Meru, mawe, na mteremko. Mwanafunzi wa Usa River anahitaji gurudumu laini, la milimita 56 hadi 60, na kipande cha raba kati ya ekseli na ubao ili gurudumu lisiguse ubao akikata kona. Yale magumu ya plastiki yanayofungwa kwenye ubao wa duka la wanasesere yanarudisha hatari ileile ya 1965. Usiyanunue, hata kwa bei ya kutupa.

Beringi ya skeitibodi ni ya namba 608: tundu la milimita 8, kipenyo cha nje milimita 22. Ndiyo hiyohiyo inayotumika kwenye viatu vya magurudumu vya mstari mmoja, hivyo jozi ya mitumba iliyochanika inaweza kukupa beringi nane nzima. Adui yake ni vumbi na maji. Izungushe kwa kidole: ikikwaruza, ifunguliwe, ioshwe kwa spiriti, ikauke, itiwe tone la mafuta mepesi.

Ekseli iwe ya chuma au aluminiamu, na bushi zake za raba zisiwe zimepasuka. Ubao mzuri huwa na tabaka saba za mti wa maple, zilizogandishwa kwa gundi na kukunjwa kwa shinikizo. Mkia ulioinuka nyuma uliletwa na Larry Stevenson mwishoni mwa miaka ya 1960, na bila mkia huo Alan Gelfand wa Florida asingeweza, mwishoni mwa miaka ya 1970, kurukisha ubao bila kuushika. Ubao mmoja wa mninga ni mzuri kwa kabati. Chini ya mtu anayeruka ni mzito na utapasuka kufuata nyuzi zake. Upana wa sentimita 20 unamtosha kijana. Juu ubandikwe msasa, na miguuni ziwe raba za soli bapa, aina iliyowavutia wateleza wa California kwenye viatu vya Vans, kampuni iliyofunguliwa 1966.

Kuhusu kofia ngumu sikubali mjadala. Povu la ndani likishagongwa kwa nguvu linabonyea na halirudi, na uharibifu wake huenda usionekane kwa nje. Mitumba nunua ubao. Kofia nunua mpya. Kikinga cha kiganja nacho kinunuliwe mapema, maana anayejifunza huanguka kwa mikono.

Inabaki sakafu ya kuchezea. Kitintale, Kampala, vijana wa mtaani wakiwa na Jackson Mubiru na Shael Swart walijenga uwanja wa zege mwaka 2006, wa kwanza Uganda. Wengi hawakuwa na ubao wao; walipokezana. Nairobi ilipata wa kwake kwenye kituo cha watoto cha Shangilia mwaka 2013, na Addis Ababa mwaka 2016.  Usa River nayo inaweza kupata wake: ni makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru, na mipango ya viwanja hupitia hapo. Uwanja wa mpira wa kikapu wenye zege lililosawazishwa, uliozungushiwa ukuta mfupi wa kuketi, ungewatosha wachezaji wa kikapu na wa ubao kwa zamu.