Ulaini Unafuta Nini?

Picha yenye ukungu na picha laini si kitu kimoja. Ya kwanza lenzi haikulengwa sawasawa. Ya pili imekusudiwa: miale inayopita pembezoni mwa lenzi hukutana mahali tofauti na ile ya katikati, mistari ya uso ikabaki wazi lakini imefunikwa na mng'ao mwembamba. Julia Margaret Cameron, aliyeanza kupiga picha Uingereza mwaka 1863 akiwa na miaka 48, alibezwa na wapigapicha wenzake kwa ulaini wa picha zake. Leo anahesabiwa miongoni mwa magwiji. Mafundi wa studio waliokuja baadaye walipata njia rahisi zaidi: Vaseline kwenye kioo, au soksi ya nailoni mbele ya lenzi.

Njia hizo zina tabia moja: mwanga wa palipo peupe humwagikia palipo peusi. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe hupunguziwa makunyanzi, na weusi wake pia.

Kwa ajili ya tasnifu yangu ninatazama picha za familia huko Mchinga, kaskazini mwa mji wa Lindi. Kila picha naiuliza: nani amekulainisha? Mng'ao ukizunguka nguo nyeupe, ni lenzi. Ngozi ikiwa haina hata alama ilhali pindo la kanga linaonekana uzi kwa uzi, ni penseli ya fundi juu ya filamu. Madoa yakila uso na ukuta bila kuchagua, ni unyevu wa bahari.

Siku hizi simu inafanya kazi ya penseli ile bila kuagizwa. Bibi mmoja wa Kimwera alionyeshwa na mjukuu wake picha aliyompiga asubuhi hiyo. Uso wa bibi una nembo alizochanjwa usichanani. Kwenye simu hazikuwepo. Programu ilizifuta kama inavyofuta chunusi.

"Huyu umempata wapi?" akauliza.

Nembo zile ndizo zilizokuwa urembo. Wanaozibeba wanazidi kupungua, na atakayesoma picha zetu miaka sitini ijayo anaweza kuamini kwamba kufikia wakati wetu zilikwisha kutoweka.

Siupingi ulaini. Bibi harusi anayeutaka apewe. Ila aliyekaa studio aliweza kumwambia fundi nini kiachwe. Ukimpiga bibi yako, zima kwanza urembo wa kamera, kisha mwulize yeye.