Zamu za Mama, Uso wa Mlezi

Novemba 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, kampuni ya Kaiser ilifungua vituo vya kulelea watoto kwenye malango ya viwanda vyake vya kuunda meli mjini Portland, Marekani. Kina mama walifanya kazi kwa zamu, kwa hiyo vituo navyo havikufungwa usiku wala mchana. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliletwa alasiri, akalishwa, akalazwa. Mama akitoka kazini usiku alimchukua, na aliweza kununua hapo chakula kilichokwisha kupikwa. Lois Meek Stolz, aliyeviongoza, alitaka walimu waliosomea makuzi ya watoto. Mpango huo ulimfaa mama, hilo halina ubishi. Je, mtoto? Kwa maoni yangu, saa za ajabu peke yake hazimvunji mtoto moyo. Kinachomvunja ni kupitishwa mikono mingi asiyoizoea.

Ushahidi ulipatikana London miaka hiyohiyo. Katika makao ya Hampstead, Anna Freud na Dorothy Burlingham waliwatunza watoto waliotenganishwa na wazazi kwa sababu ya vita. Mwanzoni walezi wote walihudumia watoto wote. Baadaye kila mlezi alikabidhiwa watoto wachache wawe wake. Wivu ukalipuka: mtoto aliyekuwa mtulivu alilia mlezi wake akitoka chumbani, akampiga mwenziwe aliyemsogelea. Baada ya wiki kadhaa wakatulia, na makuzi yao yakaenda mbio. Naona kilio kile kilikuwa habari njema, maana mtoto alikuwa amepata mtu wa kumlilia.

Wapinzani wa malezi ya vituoni humtaja John Bowlby, ambaye ripoti yake ya mwaka 1951 kwa Shirika la Afya Duniani ilionya juu ya kumkosesha mtoto mama. Lakini ushahidi wake mwingi ulihusu watoto waliokaa muda mrefu hospitalini na katika makao ya watoto, si wanaorudi nyumbani kila siku. Utafiti wa Marekani ulioanza mwaka 1991, ukafuatilia watoto zaidi ya 1,300, ulikuta kwamba malezi ya nje ya nyumba peke yake hayakudhoofisha uhusiano wa mtoto na mama. Hatari iliongezeka pale mama asiyeitikia vyema mahitaji ya mwanawe alipokutana na malezi duni, ya saa nyingi, au ya kubadilishwa-badilishwa. Hoja yao nyingine, ya usingizi, ina uzito zaidi, kwani mtoto anayeamshwa usiku ili abebwe kwenda nyumbani hulipa gharama hata mlezi awe mmoja. Hapo mwajiri ndiye anayepaswa kulegeza zamu, badala ya kituo kurefusha saa.