Kutoka Tandiko la Farasi hadi Bega la Mpiga Solo

Dionisio Aguado hakupenda gitaa liguse mwili wa mtu. Mhispania huyu, aliyezaliwa Madrid mwaka 1784 na kujijengea jina mjini Paris, aliamini kwamba kifua, mapaja na nguo za mpigaji humeza sauti ya ubao. Akabuni kibao cha miguu mitatu, akakiita tripodison, akalifunga gitaa juu yake na kukaa kando yake. Rafiki yake Fernando Sor, katika kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 1830, alikuwa na dawa nyepesi zaidi: gitaa liegemezwe kwenye kona ya meza. Baadaye katika karne hiyo hiyo Francisco Tárrega alieneza matumizi ya kigoda kidogo cha kuinulia mguu wa kushoto, na mpaka leo wapigaji wengi wa gitaa la klasiki hukaa hivyo.

Utepe wa kuning'iniza ala ya nyuzi shingoni ulikuwa ukijulikana Ulaya tangu zamani. Lakini mabwana hawa watatu walipiga kwenye kumbi za watu waliokaa kimya, nao wenyewe wamekaa. Mpenzi wa taarabu anaujua mkao huo: udi hulala pajani, kanuni hulazwa mbele ya mpigaji, na hakuna anayedhani kwamba kusimama kungeongeza utamu. Mkanda wa ngozi tunaouona leo ulizaliwa mahali ambapo mpiga gitaa alilazimika kusimama, kuimba, kutembea na kutazamwa kwa wakati mmoja.

Mahali hapo ni Marekani. Christian Frederick Martin, fundi wa magitaa kutoka Markneukirchen, Ujerumani, alihamia New York mwaka 1833, na mwaka 1839 akahamishia karakana yake Nazareth, Pennsylvania. Magitaa ya mwanzo ya kampuni yake yalikuwa madogo, ya kupigwa sebuleni. Mwaka 1916 kampuni hiyo ilitengeneza gitaa kubwa lenye kiuno kipana kwa ajili ya duka la Ditson, likapewa jina la meli ya kivita ya Uingereza, Dreadnought. Kuanzia 1931 Martin walianza kuliuza kwa jina lao wenyewe. Sehemu yake pana zaidi inakaribia sentimita 40. Sauti yake ni nzito na inafika mbali, jambo alilolihitaji mwimbaji wa jukwaani, lakini pajani linasumbua, hasa kwa mtu mfupi.

Suluhisho la kwanza halikuwa na ufundi wowote. Ncha moja ya kamba au ukanda iliwekwa kwenye kipini kilichopachikwa mwisho wa bodi, na nyingine ikafungwa kwenye kichwa cha gitaa, chini ya nyuzi. Magitaa mengi ya mtindo wa zamani yanatengenezwa hivyo hadi leo, kipini kimoja tu, na mnunuzi asiyejua hubaki akijiuliza ncha ya pili ataipeleka wapi.

Kisha wakaja wachunga ng'ombe wa sinema. Mwaka 1933 Martin walimtengenezea Gene Autry gitaa la kwanza la aina ya D-45, lenye jina lake kwa herufi za lulu shingoni. Muda mfupi baadaye Autry alikuwa nyota wa Hollywood, akiimba huku amevaa kofia pana na viatu vilivyodariziwa. Shingo ya gitaa yenye lulu isingependeza na kamba ya katani. Na vitu vya ngozi vya mavazi hayo, kuanzia mkanda wa kiuno hadi ala ya bastola, vilikuwa kazi ya aina moja ya fundi: fundi wa matandiko ya farasi.

Mafundi hao walikuwa wamejaa katika majimbo ya magharibi, na gari lilipoanza kuchukua nafasi ya farasi walikuwa na ujuzi mwingi kuliko wateja. Walijua ngozi ipi inavumilia uzito unaoyumba kutwa nzima bila kurefuka. Walijua kushona kwa sindano mbili katika uzi mmoja uliopakwa nta, kila tundu likipitiwa mara mbili kutoka pande zote, ili uzi ukikatika mahali pamoja mshono uliobaki usifumuke. Walijua pia kuchora maua ya mwitu juu ya ngozi: huilowesha kidogo, hukata mistari kwa kisu kinachozunguka kwenye kidole, hugonga muhuri wa chuma kuzunguka kila jani mpaka linainuka. Mji wa Sheridan, Wyoming, umetoa jina lake kwa mtindo mzima wa michoro hiyo. Mikanda ya waimbaji wa kantri iliyochorwa majina yao ni kazi ya mikono hiyo hiyo.

Wengine waliipenda ngozi hata wakaivalisha gitaa lote. Elvis Presley, katika miaka yake ya mwanzo, alilifunika gitaa lake la Martin kwa gamba la ngozi lenye jina lake, ambalo lililikinga pia na mikwaruzo ya bizimu. Buddy Holly, kijana wa Lubbock, Texas, alimwona na kwenda nyumbani kufanya lake mwenyewe. Holly alikuwa na mkono wa kazi za ngozi. Alichora na kushona gamba la gitaa lake la Gibson J-45 kwa rangi nyeusi na buluu, akaandika jina lake na la jimbo lake. Alikufa katika ajali ya ndege tarehe 3 Februari 1959, akiwa na miaka 22, na gamba hilo bado lipo.

Michoro ya namna ile haiwezekani kwenye kila ngozi, na hapa Njombe inaingia kwenye habari hii.

Ngozi hudabaghiwa kwa njia kuu mbili. Ya kale hutumia maji ya magome na majani yenye tanini. Huchukua wiki, na zamani ilichukua miezi mingi. Ya pili hutumia chumvi za kromiamu, ilienea kutoka Marekani baada ya hataza ya Augustus Schultz ya mwaka 1884, na huimaliza kazi kwa muda mfupi sana. Ngozi ya kromiamu ni laini, inavumilia maji, na ndiyo tunayoivaa kwenye viatu na makoti mengi. Lakini ukiigonga muhuri hurudi ilivyokuwa. Ngozi ya magome ikiloweshwa hushika kila alama, ikikauka huibakiza, na ukingo wake husuguliwa ukang'aa kama ukucha.

Miongoni mwa magome yanayotumika zaidi duniani kwa kazi hii ni ya miwati, mti wenye asili ya Australia uliopandwa kwa wingi Afrika Kusini na kisha katika nyanda za juu za Kenya na Tanganyika. Kampuni ya miwati ya Tanganyika ilianzishwa Njombe mwaka 1949, na upande wa Kenya wakulima wa milimani walivuna magome hayo kwa viwanda vya tanini, kikiwemo cha Eldoret. Tanini hiyo ilisafirishwa ng'ambo. Mkulima wa Njombe hawezi kuambiwa kwamba magome yake yaliishia kwenye bega la mwimbaji fulani, lakini biashara ya ngozi ya magome imepitia mikononi mwa watu wa kwao kwa miongo mingi. Sifa hiyo hawapewi kwenye duka lolote la vyombo vya muziki.

Miaka ya 1950 iliugeuza mkanda kutoka pambo kuwa sehemu ya chombo. Leo Fender wa California alitoa gitaa lake la bodi ngumu mwaka 1950, na tangu 1951 likaitwa Telecaster. Mwaka huo huo wa 1951 alitoa gitaa la besi, na mpiga besi aliyezoea kusimama nyuma ya fidla kubwa kupita kimo chake akajikuta na chombo cha kuning'iniza begani. Gibson wa Kalamazoo, Michigan, walijibu mwaka 1952 kwa Les Paul, gitaa la mahogani lenye uso wa mepo, ambalo mara nyingi huzidi kilo nne. Vitu hivi havina tumbo la kukumbatia. Bila mkanda, mtu aliyesimama hawezi kuvipiga kabisa.

Stratocaster ya mwaka 1954 ilionyesha kwamba wabunifu walikuwa wameanza kuufikiria mkanda tangu kwenye karatasi. Pembe yake ya juu ni ndefu, na kifungo cha mkanda kiko kwenye ncha yake, hivyo gitaa hukaa sawa hata mikono ikiachia. Gibson walipotoa umbo jipya mwaka 1961, lile linalojulikana sasa kama SG, walilifanya jembamba na jepesi, wakaweka kifungo nyuma, penye kiungo cha shingo. Matokeo yake kichwa huelekea chini mara mpigaji anapoondoa mkono. Sister Rosetta Tharpe, mama wa injili aliyezaliwa Arkansas, alilipiga gitaa jeupe la umbo hilo mwezi Mei 1964 kwenye kituo cha reli kilichoachwa huko Manchester, Uingereza. Watazamaji walikaa ng'ambo ya njia ya reli, mvua ilikuwa imenyesha, naye alisimama na koti lake zito akipiga solo kana kwamba gitaa halina uzito. Dawa ya gitaa linaloinama ni mkanda ambao upande wa ndani una manyoya mafupi ya ngozi isiyolainishwa, yanayong'ang'ania nguo. Nailoni nyororo kwenye SG ni kujitafutia maumivu ya mkono wa kushoto.

Huku kwetu gitaa lilipita njia yake. Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alikuwa bingwa wa gitaa kavu na sauti yake peke yake. Miaka minne baadaye, mwaka 1956, OK Jazz ilianzishwa Léopoldville, na mtindo wa bendi zenye magitaa matatu au manne ya umeme, kila moja na kazi yake, ukaenea hadi Dar es Salaam, Morogoro na Nairobi. Mbaraka Mwinshehe alisimama mbele ya Morogoro Jazz akiwa na solo begani. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilipiga kwa vyombo ambavyo havikuwa mali ya wanamuziki. Gitaa la aina hiyo hupita kutoka bega refu hadi bega fupi, na dansi la usiku mzima halina huruma. Kwa mpiga besi anayesimama saa tano au sita, mkanda wa sentimita tano unaoonekana nadhifu dukani hugeuka kisu saa saba za usiku. Sentimita saba na nusu au zaidi, zenye pamba au ngozi laini ndani, ndizo zinazofaa.

Mikanda ya bei rahisi iliyofuata imeacha makovu kwenye magitaa mengi mazuri. Laka ya nitroselulosi, ambayo Fender waliitumia zamani na Gibson hawajaiacha, haipatani na plastiki ya vinili. Mkanda wa vinili ukiachwa juu ya gitaa ndani ya kasha, laka hulainika na kushika alama isiyofutika kwa kitambaa. Kwa hiyo reksini iliyopigwa chapa ya mamba ndiyo ya kwanza kukataliwa, hasa na mwenye gitaa la zamani.

Ya pili kukataliwa ni ile inayouzwa kwa jina la ngozi halisi lakini imetengenezwa kwa mabaki yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Ukingo wake huiumbua. Ngozi ya kweli ikikatwa huonyesha nyuzinyuzi zilizosukana, nene chini na zilizobana kuelekea juu. Ile ya mabaki huonyesha unga uliobanwa kati ya tabaka za rangi, na ikikunjwa mara mbili tatu rangi hupasuka. Ukingo uliopakwa rangi nene mno unaficha kitu, na muuzaji akikataza mkanda usikunjwe dukani jibu limeshapatikana.

Hata hivyo, fundi wa matandiko angeanza kwenye ncha. Mikanda mingi haikatiki katikati. Hutoka kwenye kifungo kwa sababu tundu limelegea, na gitaa huanguka kwa shingo. Wanamuziki wamejaribu mengi. Eddie Van Halen aliweka pete za skrubu kwenye gitaa lake maarufu na kunasisha mkanda humo kwa ndoano. Wengine wameokota pete nyekundu za mpira kutoka chupa za bia ya Grolsch na kuzisukuma juu ya kifungo, na mpaka sasa hiyo ni njia nafuu kuliko kufuli za Schaller au Dunlop, ingawa kufuli ni salama zaidi. Ngozi nzuri hupunguza hatari hiyo mapema: ncha ziwe za tabaka mbili au ngozi moja ya milimita tatu hivi, tundu liwe dogo kuliko kichwa cha kifungo, na mpasuo wake uwe mfupi, uwe mgumu kufunguka siku ya kwanza hadi mtu atukane kidogo.

Mwambao una adui wake. Unyevu wa Mombasa, Tanga na Unguja huotesha ukungu kwenye ngozi ya magome iliyofungiwa ndani ya kasha, na jasho huchuja rangi ya mkanda mpya hadi kwenye shati jeupe. Uning'inizwe nje ya kasha, ufutwe kwa kitambaa kikavu, upakwe mafuta ya ngozi kidogo mara chache kwa mwaka. Ncha ziachwe bila mafuta, kwa sababu ngozi iliyolainika hapo hupanua tundu.

Tundu likishapanuka, mkanda haujafa. Fundi viatu mwenye sindano ya mkono na uzi wa nta anaweza kukata ncha ya zamani na kushonea kipande kipya cha ngozi ngumu, ile ya soli nyembamba, kwa mistari miwili ya mshono. Apelekewe na gitaa lenyewe, apime kifungo kabla ya kutoboa, na tundu alianze dogo.