Nani Kafanya? Sentensi ya Kiingereza Chini ya Mlima Meru

Kila aliyepita sekondari Tanzania anaikumbuka ile fomula ubaoni: kiima, kitenzi, yambwa. Mtenda anatangulia, tendo linafuata, anayetendwa anamalizia. Tuliikariri kama jedwali la kuzidisha, tukajibu mtihani, basi. Lakini kwa watu wa Meru fomula hiyo ina historia, na historia yenyewe inahusu ardhi.

Tuanze na lugha. Kiswahili hupakia mambo mengi ndani ya kitenzi. Ukisema "walituhamisha", neno moja tu, umeshataja waliotenda (wa-), wakati (-li-), waliotendwa (-tu-) na tendo lenyewe. Ndiyo maana unaweza kusema "Serikali iliwahamisha Wameru" au "Wameru, Serikali iliwahamisha", na hakuna atakayechanganyikiwa. Viambishi vinalinda maana.

Kiingereza hakina ulinzi huo. Nomino zake hazibadiliki sura, kwa hiyo nafasi ndiyo inayoamua kila kitu. "The Government moved the Meru": Serikali iliwahamisha Wameru. Geuza nafasi za nomino, "The Meru moved the Government", na sasa Wameru ndio walioihamisha Serikali! Maneno ni yaleyale, dunia imepinduka.

Sasa twende Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki mwa mlima. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Tume ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza ugawaji mpya wa ardhi za Arusha na Moshi, na katika mpango huo Wameru wangeondoka Engare Nanyuki ili eneo litumiwe na wafugaji wa Kizungu. Wameru walikataa. Novemba 1951 wakaondolewa kwa nguvu, watu wapatao 3,000. Nyumba zikachomwa moto.

Soma tena hizo sentensi mbili za mwisho. "Wakaondolewa." "Zikachomwa." Na nani? Hazisemi. Kauli ya kutendwa ipo katika lugha zote mbili, na zote mbili zinaweza kumficha mtenda. Ila Kiingereza cha ofisi kimeifanya kuwa desturi: kiima hakiwezi kukosekana, kwa hiyo anayetendwa anasogezwa mbele akae kwenye kiti cha mtenda, na mtenda mwenyewe anatolewa nje kimyakimya. Sentensi inabaki sahihi kabisa kisarufi. Mwalimu angeiwekea tiki.

Wameru walifanya nini? Hawakukaa kusubiri kutendwa. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, Uingereza ikiitawala chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, na mfumo huo uliruhusu wananchi kupeleka malalamiko huko juu. Wakachangishana fedha. Mwaka 1952 Japhet Kirilo alifika New York kuwasemea, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Kwa mara ya kwanza mwananchi wa Tanganyika alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akidai haki za watu wake, na Uingereza ikalazimika kujieleza mbele ya mataifa mengine. Yaani nomino zilibadilishana nafasi.

Je, walishinda? Desemba 1952 azimio la kuwaunga mkono lilipata kura nyingi katika Baraza Kuu, ila halikufikisha theluthi mbili zilizohitajika. Ardhi haikurudi wakati ule. Hata hivyo Kirilo alirudi akazunguka nchini akisimulia, na kesi ya Wameru ikawa somo kwa harakati zilizozaa TANU mwaka 1954. Mwaka 1967 yeye na Seaton walichapisha kitabu juu ya kesi hiyo, The Meru Land Case. Wakakiandika kwa Kiingereza, lugha ileile ya aliyewahamisha.

Tusidhani mambo haya yaliishia kwa wakoloni. Tarehe 30 Novemba 1999, mjini Arusha, marais wa Kenya, Uganda na Tanzania walitia saini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ibara ya 137 inasema lugha rasmi ya Jumuiya ni Kiingereza. Kuhusu Kiswahili inatumia maneno "shall be developed", yaani kitaendelezwa kiwe lugha ya mawasiliano. Kitaendelezwa na nani? Kwa bajeti ipi? Kufikia lini? Ibara imenyamaza. Kiswahili kimekaa kwenye nafasi ya kiima, lakini hakifanyi chochote, kinafanyiwa.

Baadaye mtenda alipatikana: Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar. Na Februari 2021 wakuu wa nchi waliafiki Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pia. Ni hatua, tusibeze. Lakini ukitazama miaka iliyopita kati ya sentensi ya 1999 na uamuzi wa 2021, utaona kiima kisicho na mtenda kinavyoweza kungoja.

Kwa hiyo mwanao akirudi na daftari la sarufi, akilalamika kwamba kiima, kitenzi na yambwa ni mambo ya kukariri tu, mpe barua yoyote ya ofisini. Barua ya kiwanja, ya ada, ya kubomolewa. Mwambie atafute kwanza kitenzi, halafu aulize nani kafanya. Kama jibu halimo kwenye sentensi, akaliulize ofisini.