Jina na Dawa: Historia ya Kiumbe Kilichodhaniwa Kuwa Kuvu

Istilahi mbaya humpotosha msomaji. Katika uganga yaweza kumpofusha mgonjwa. Madhumuni ya makala haya ni kueleza historia ya jina la kiumbe kimoja kishambuliacho konea, yaani utando mwangavu ulio mbele ya mboni ya jicho, na kuonyesha funzo linalotuhusu sisi tuundao istilahi pamoja na wenzetu wanaozitumia.

Historia hiyo haikuanzia machoni mwa watu, bali kwa farasi. Mwaka 1901 watafiti wawili wa Kiholanzi, de Haan na Hoogkamer, walieleza ugonjwa wa vidonda uliowapata farasi katika kisiwa cha Java. Ndani ya vidonda hivyo mlikuwa na nyuzi nyembamba kama za kuvu. Na kwa kuwa nyuzi zilifanana, nasaba nayo ilihukumiwa kuwa moja. Mwaka 1961 Bridges na Emmons walikipa kiumbe hicho jina la Hyphomyces destruens, ambalo maana yake ni kuvu ya nyuzi iharibuyo.

Mwaka 1974 Austwick na Copland, walipokichunguza kiumbe hicho kutoka kwa farasi wa Papua New Guinea, waliona kwamba huzaa chembe zenye vijimkia viwili ziogeleazo majini. Hiyo si tabia ya kuvu. Ndipo kilipohesabiwa katika jenasi ya Pythium, na mwaka 1987 kikapewa jina la Pythium insidiosum. Neno la kwanza limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuoza. La pili ni la Kilatini, maana yake ni mwenye hila.

Hata hivyo, kundi zima la viumbe hao huitwa oomiseti, neno ambalo kwa asili ya Kigiriki ni kuvu za mayai. Kosa lililong'olewa katika jina la kiumbe limebaki katika jina la ukoo wake. Kwa nasaba, oomiseti wako karibu zaidi na mwani wa kahawia kuliko kuvu.

Msomaji aweza kuuliza: mambo haya yamfaa nini mgonjwa? Mgonjwa hufika akiwa na jicho jekundu, lenye maumivu na kidonda. Daktari hukwangua konea kidogo, akatazama ukwanguo huo kwa hadubini. Aonapo nyuzi, ni rahisi kuandika "kuvu" na kutoa natamisini, dawa iliyopata jina lake kutoka Natal, Afrika Kusini, ambako bakteria wanaoitengeneza walipatikana udongoni katika miaka ya 1950. Dawa hiyo hushikamana na ergosteroli, mafuta yaliyomo katika utando wa seli za kuvu. Utando wa Pythium hauna ergosteroli ya kutosha; basi dawa hukosa pa kushika. Siku hupita, kidonda huenea, na jicho lenyewe laweza kupotea.

Dalili za kumtahadharisha daktari zipo. Aghalabu kingo za kidonda hutoa michirizi kama minyiri ya pweza, na nyuzi zake huwa na kuta za kati chache. Ukuta wa seli una selulosi, hivyo hugeuka buluu ukitiwa iodini na asidi ya salfa. Chembe ziogeleazo huweza kuoteshwa maabarani, na vinasaba vyaweza kupimwa. Mwaka 2017 na 2018 madaktari wa macho wa Hyderabad, India, walichapisha habari za wagonjwa waliotibiwa kwa linezolidi na azithromisini, ambazo ni dawa za bakteria. Baadhi ya macho huponea kwa dawa hizo; mengine hayana budi kupandikizwa konea nyingine.

Sasa tugeukie Kiswahili. Mfasiri akutanapo na oomiseti hushawishika kuandika "kuvu-maji" au "kuvu-bandia". Maneno hayo yanaeleweka upesi, na hapo ndipo penye hatari: mwuguzi atashika neno kuvu, kisha atashika dawa ya kuvu. Kwa maoni yetu ni heri kutumia oomiseti, pithiumu, na uambukizo wa pithiumu wa konea. Uongo uliomo katika asili ya Kigiriki hausikiki katika sikio la Mswahili.

Wapo watakaosema kwamba neno geni halimwambii msomaji kitu. Ni kweli. Lakini neno lisilosema kitu humlazimu msomaji kuuliza, ilhali neno lisemalo uongo humfanya aridhike.

Kwa hiyo, kabla ya kuunda istilahi kwa kufuata umbo la kitu, hatuna budi kwanza kumwuliza mtaalamu nasaba na tabia yake. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa idara za afya walipime pendekezo letu katika kazi zao, na watuletee maoni kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.